Unapoenda kwa kaunsela, unaenda kufanya nini hasa?

Kila nchi inapopata habari mbaya, mume aliyemdhuru mkewe au mwanafunzi wa chuo aliyejitoa uhai, viongozi hushika maikrofoni na kusema lile lile: watu waende wakapate ushauri nasaha. Neno hili hurudiwa redioni, kanisani na kwenye matanga. Kisha watu hutawanyika, na swali moja linabaki pale pale chini ya hema. Ukishaamua kwenda, unamkuta nani huko, na anakufanyia nini?

Nimeulizwa hivyo mara nyingi tangu nilipoacha kuficha kwamba mimi mwenyewe nilikwenda. Binamu yangu ndiye aliyelisema bila kuzunguka, tukingoja matatu Donholm. "Sasa huyo kaunsela, ukishamweleza shida yako, anakuambia nini ambacho mjomba hawezi kukuambia bure?" Matatu ilifika kabla sijamjibu. Ninajibu hapa.

Nianze na neno lenyewe, maana naamini mkanganyiko mwingi umetokea hapo. Kumshauri mtu, kwa mazoea yetu, ni kumwambia la kufanya. Nasaha nayo ni maonyo mema. Ukiyaunganisha unapata maneno mawili yenye maana karibu moja, na yote mawili yanakuahidi kwamba utapewa hekima urudi nayo nyumbani. Wengi wetu tuliyazoea kwenye vituo vya VCT mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya kupimwa virusi vya Ukimwi uliketishwa, ukaelezwa maana ya majibu, ukaambiwa jinsi ya kujilinda. Hayo yalikuwa maelezo ya muda mfupi, na kweli mwenye kuyajua alikuwa upande wa pili wa meza.

Kwa kaunsela wa kukutana naye kila wiki mambo ni tofauti. Yeye hajui ufanye nini na ndoa yako, na akikuambia anajua, jihadhari. Anachojua ni namna ya kukaa na mtu hadi mtu huyo ayaone mambo yake vizuri zaidi. Kiswahili kinalo neno la kazi hiyo, na liko ndani ya ushauri wenyewe: kushauriana. Shauri, kwa maana ya zamani, ni jambo linalowekwa kati ya watu ligeuzwe huku na huku mpaka lieleweke. Hata tunapomfokea mtu "shauri yako!" tunakiri kwamba uamuzi ni wake. Ukienda ukiwa na maana hiyo akilini hutatoka umevunjika moyo. Wanaokwenda wakitafuta mawaidha hutoka wakisema, kama nilivyosema mimi wiki ya kwanza, "Nimelipa pesa ili niulizwe maswali."

Kuna watu watatu ambao tunawachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kamili kwanza, kisha akabobea kwenye akili. Ndiye anayeandika dawa, na husajiliwa na baraza lile lile linalosajili madaktari wengine. Mwanasaikolojia amesomea jinsi binadamu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda. Ana vipimo vyake vya maswali, na wengi wao pia hutibu kwa mazungumzo. Mshauri nasaha, ambaye mtaani ni kaunsela, kazi yake ni mazungumzo hayo. Haandiki dawa. Akiona unahitaji dawa atakuelekeza kwa daktari, na unaweza kuendelea na wote wawili kwa wakati mmoja bila tatizo lolote.

Doa moja limewapaka wote watatu. Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili hapa Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, na vizazi vya watoto wa Nairobi vimelitumia jina lake kutukanana uwanjani. Mtu mzima aliyelelewa na tusi hilo hawezi kupiga simu ya kuomba miadi bila kulisikia tena kichwani. Mathari ni hospitali, na watu hupona pale. Lakini pia ukweli ni kwamba wengi wanaoketi kwenye viti vya kungojea vya kaunsela ni watu waliotoka kazini saa hiyo: aliyefiwa, aliyefutwa kazi, mke na mume wasiosemezana tangu Pasaka, kijana anayetetemeka mikono kila akiona ujumbe wa bosi.

Tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayotaka anayefanya kazi hii awe amehitimu na amesajiliwa. Hata hivyo, kibao cha "ushauri" kinaweza kutundikwa na yeyote, na kwenye simu zetu wamejaa watu wenye sauti tamu wasio na chochote nyuma yake. Kwa hivyo uliza. Umesomea wapi, umesajiliwa wapi, umefanya kazi na watu wenye shida kama yangu? Ni maswali ya kawaida kama kumuuliza fundi wa umeme kama ana leseni. Mwenye sifa hujibu mara moja. Anayekasirika amekupunguzia safari.

Bei zinapishana mno. Wako wanaotoza shilingi elfu mbili kwa kikao na wako wanaopita elfu tano, na ofisi za Westlands, Kilimani au Upper Hill hulipisha pia kodi ya nyumba waliyomo. Kikao huwa cha dakika 50 hadi saa moja, mara nyingi kwa wiki mara moja, kwa hivyo piga hesabu ya mwezi kabla ya kuanza. Usione haya kusema "siwezi bei hiyo." Baadhi yao huwa na nafasi chache za bei nafuu, ila hawazitangazi. Vyuo vinavyofundisha kazi hii huwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaohudumia watu kwa bei ndogo, chini ya usimamizi, na mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kawaida anayo ofisi ya ushauri hapo hapo chuoni. Baadhi ya bima za kazini hulipia, lakini ulizia mapema kama wanataka idhini kwanza, wanalipia vikao vingapi, na ni nani ofisini kwenu atakayeona umeenda wapi.

Uliza pia kuhusu kughairi. Wengi wanataka uwaambie siku moja kabla, la sivyo unalipa. Niliona ni ukatili mpaka nilipofahamu kwamba saa ile alikuwa amewanyima wengine kwa ajili yangu.

Baada ya korona wengi sasa wanafanya vikao kwa simu ya video, na inasaidia ukikumbuka foleni ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni. Ila inataka chumba chenye mlango. Kwenye bedsita ambayo jirani anasikia ukikoroga chai, utajikuta unasema nusu ya maneno. Rafiki yangu hufanyia vikao vyake ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimefungwa.

Sasa siku ya kwanza. Fundi wa nguo mzuri hashoni siku unayompelekea kitambaa. Anakupima mabega, anauliza ni nguo ya nini, anakutazama unavyosimama. Kikao cha kwanza ni cha vipimo.

Changu kilikuwa Jumanne, ghorofa ya pili, Hurlingham. Nilikuwa na umri wa miaka 41. Mama yangu alikuwa amefariki miezi sita nyuma, na tangu mazishi nilikuwa naamka saa tisa usiku kamili na kubaki nikitazama dari hadi matatu za kwanza zianze kupiga honi. Kaunsela alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, na hilo lilinitatiza. Kwetu shauri hutoka kwa aliyekutangulia kuliona jua. Nilimwita "Daktari," kwa heshima na kwa woga. Akatabasamu: "Mimi si daktari. Niite kwa jina langu tu, na wewe niambie unapenda kuitwaje." Kulikuwa na viti viwili vilivyokaa upande upande, si uso kwa uso, sanduku la tishu lililokaribia upande wangu, na saa ya ukutani nyuma ya kichwa changu ambapo ni yeye tu aliyeiona.

Alinipa fomu. Isome yako, usiharakishe kutia sahihi. Mle ndani huwa kuna malipo, kughairi, jinsi kumbukumbu zako zitakavyotunzwa, na siri. Kisha akauliza, polepole: nalala vipi, nakula vipi, nakunywa pombe kiasi gani, naishi na nani, nina ugonjwa wowote, natumia dawa gani, kuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuugua hivi. Halafu, kwa sauti ile ile, kama nimewahi kufikiria kufa au kujiua.

Swali hilo huwashtua wengi, nami lilinishtua. Usidhani ameona kitu usoni mwako. Ni swali la kawaida la siku ya kwanza. Watu wengi huamini kwamba ukimuuliza mtu swali hilo unamtia wazo kichwani. Sivyo. Aliyekuwa akilibeba wazo hilo peke yake mara nyingi hupumua kwa mara ya kwanza anapoulizwa wazi, na asiyekuwa nalo husema hapana, mazungumzo yakaendelea.

Hapa niseme kwa kirefu kuhusu siri, kwa sababu hofu juu yake ndiyo inayowafanya watu warudi nyuma wakiwa mlangoni. Unalomwambia kaunsela halitoki. Haliendi kwa mkeo, kwa mzazi wako ukiwa mtu mzima, kwa mwajiri hata kama ndiye anayelipa, wala kwa mchungaji aliyekupa namba yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo huzihesabu habari za afya yako kuwa data nyeti. Ukikutana na kaunsela wako kwenye supamaketi, usishangae akikupita kama hakujui, anakuachia wewe uamue kama mtasalimiana, maana labda uko na mtu atakayeuliza "yule ni nani?"

Lakini siri ina mipaka yake, na kaunsela anayeijua kazi atakueleza mipaka hiyo kabla hujafungua mdomo. Ukiwa kwenye hatari ya karibu ya kujidhuru, ukiwa na mpango wa kumdhuru mtu mwingine, kukiwa na mtoto anayedhulumiwa, au mahakama ikiamuru, anaweza kulazimika kuwahusisha wengine. Hata hapo huzungumza nawe kwanza pale inapowezekana, na husema yale tu yanayohitajika. Kuwaza kwamba ungetamani kulala usiamke, na kulisema hilo chumbani mle, hakumfanyi akimbilie polisi. Ndilo jambo analotaka ulilete.

Hofu ya polisi ilikuwa na chanzo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na watu waliotolewa hospitalini walipelekwa kortini. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nawajua watu walionyamaza miaka mingi kwa sababu ya kifungu hicho, na natamani kila mtu wa mtaa wangu ausikie uamuzi huo. Kama ni wewe na hali ni ya usiku huu, usingoje miadi: Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya lina namba 1199, haina malipo, au nenda kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu.

Basi, vikao vinavyofuata huwaje? Kimya kingi, kwanza. Sisi watu wa Nairobi tunaogopa kimya. Mtu akinyamaza sekunde tano tunamuuliza kama mtandao umekatika. Kaunsela hakijazi kimya chako. Kikao cha tatu nilikuwa nikimweleza mazishi kwa Kiingereza changu kizuri cha ofisini: idadi ya magari, chakula, hotuba. Akaniacha nikamaliza. Akakaa. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Ulikuwa unamwitaje?"

Nikasema, "Mwaitu." Ndilo neno letu Wakamba la kumwita mama, na sikuwa nimelitamka tangu tumzike, maana hapakuwa tena na wa kuitika. Nililia mpaka saa ikaisha. Hakunipa nasaha hata moja. Alisogeza sanduku la tishu, akangoja.

Tangu hapo nimemwambia kila anayeniuliza: tafuta kaunsela anayeisikia lugha ya moyo wako, au angalau anayekuruhusu uchanganye. Kiingereza kilinisaidia kujificha vizuri sana.

Jioni ile nilijihisi vibaya kuliko nilivyoingia, na hili ni jambo ambalo watu hawaambiwi, kwa hivyo huacha wakiwa wamefika wiki ya tatu au ya nne. Aliyewahi kuvunjika mguu akapelekwa kunyooshwa viungo anaelewa. Siku za mwanzo mguu huuma zaidi ya ulivyouma kwenye plasta, kwa kuwa sasa unakunjwa. Usipange mkutano mkubwa saa ya baada ya kikao. Tembea kidogo. Lakini ikipita miezi na maumivu hayasogei popote, au kila wiki unatoka umechanganyikiwa zaidi, mwambie. Kusema "naona hatuendi" ni sehemu ya kazi yenyewe.

Ni vikao vingapi? Tiba fupi yenye lengo moja, kama hofu au kukosa usingizi, mara nyingi huwa kati ya vikao sita na ishirini. Majeraha ya utotoni huchukua zaidi. Anayekuahidi kukuponya kwa kikao kimoja anauza kitu kingine. Utapewa pia kazi za nyumbani: kuandika saa unayoamka na unachowaza, kufanya jambo dogo uliloliepuka. Mimi niliambiwa nikalifungue sanduku la nguo za mama. Nilikaa wiki tatu bila kulifungua, na wiki zote tatu tulizungumzia kwa nini.

Kuna wakati tatizo ni kaunsela mwenyewe. Kabla ya huyu wa Hurlingham nilikwenda kwa mwingine aliyepokea simu mara mbili nikiwa katikati ya sentensi, kisha akanieleza kwamba wanaume wa kabila langu huchelewa kukua. Sikurudi, lakini nilikaa mwaka mzima nikiamini kwamba ushauri nasaha haunifai. Kosa langu lilikuwa hilo la mwaka mzima. Ukiuziwa viatu vinavyobana huamui kutembea pekupeku maisha yako yote. Na yako makosa ambayo si ya kuvumilia hata kidogo: kaunsela anayekutongoza, anayekukopa, anayetaka mfanye biashara, anayekusimulia shida za wateja wengine. Huyo ondoka, na umshtaki kwa bodi au chama alichojisajili.

Kuhusu maombi, sitasema mengi. Mimi husali. Shehe au mchungaji anaweza kukushika mkono kwa namna ambayo kaunsela hawezi, na kaunsela anayeijua kazi yake hatakuomba uchague. Mgonjwa wa malaria huombewa na hunywa dawa, na sijasikia mtu akiona hapo pana mgongano.

Na binamu yangu nimjibu sasa. Mjomba anakupenda, na ndiyo sababu hawezi kazi hii. Ukimwambia huwezi kumsamehe baba, yeye ni ndugu ya mama, ana upande. Ukimwambia umechoka na ndoa, Jumapili atakuwa mezani na mkeo. Utapima maneno yako kwa ajili yake, utamlinda asiumie, na yeye atataka upone haraka ili familia itulie. Kaunsela hana harusi ya kuhudhuria kwenu. Kwa dakika 50 unaweza kusema jambo baya kabisa unalolifikiria kuhusu mtu unayempenda, ulitazame, na hakuna kikao cha ukoo kitakachoitishwa. Mjomba muendee kwa mahari na kwa shamba.

Nilihudhuria vikao kumi na vinne. Hakuna siku niliyotoka nikisema leo nimepona. Asubuhi moja ya Novemba, simu ililia kando ya kitanda na sikuielewa ile sauti. Nilidhani mtu ananipigia. Ilikuwa kengele ya saa kumi na mbili, niliyoitega tangu enzi za uhai wa mama, na ambayo kwa miezi mingi nilikuwa nikiizima kabla haijalia kwa sababu ilinikuta macho. Wiki hiyo nilimweleza kaunsela. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akauliza kama sasa tungeonana mara moja kwa wiki mbili.